Zimwi la Ukurasa wa Arobaini na Saba

Saa moja na nusu asubuhi msimamizi aliufunga mlango wa chuma kwa nje, kama kila siku, na wanawake watano waliokuwa ndani wakafunga aproni zao. Walimwita Bwana Funguo, kwa sababu alining'iniza funguo kiunoni na alisikika kabla hajaonekana. Alisema anafunga ili karatasi zisitoke. Aliyewahi kutoka na karatasi ni mmoja wao tu, aliyeitwa Wa Tano, tena zile zilizoharibika, akafungia chumvi nyumbani kwake, na hilo Bwana Funguo alilijua.

Ilikuwa karakana ya kujalidi vitabu. Karatasi kubwa kama shuka la mtoto zilikuja zimeshapigwa chapa pande zote mbili. Kila karatasi ilikunjwa mara tatu, ikawa mkunjo wa kurasa kumi na sita. Mikunjo mitano ikipangwa, ikashonwa kwa uzi na kupakwa gundi mgongoni, ilikuwa kitabu. Kila mwanamke alikunja karatasi moja tu, tangu kazi inaanza hadi inakwisha, na aliitwa kwa karatasi yake: Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu, Wa Nne, Wa Tano. Kwa hiyo walisoma sana, lakini vipande. Wa Kwanza, ambaye umri wake ulipita sitini, alijua mwanzo wa vitabu zaidi ya mia na hakujua mwisho wa hata kimoja. Wa Tano alijua nani alimuoa nani, ila hakujua walikutana wapi. Wakati wa chakula cha mchana waliulizana.

Wa Tatu alikuwa na miaka kumi na tisa na aliishia darasa la tano. Hakuwa mtu wa maneno. Akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa, na kichwa kikishindwa alijibu kwa mabega. Kiti, aproni na mfupa alivirithi kwa mama yake. Mfupa ni kipande kilicholainishwa, upana wa vidole viwili, cha kubonyezea mkunjo ukae. Ule wa mama yake ulikuwa umelika upande mmoja, mahali lilipokaa dole gumba miaka kumi na minne.

Mama yake alitoweka mwaka uliopita. Siku hiyo yeye na wenzake wawili walikuwa wakimalizia kazi mchana, gundi ikafurika kwenye jiko lake ikashika moto, na Bwana Funguo alikuwa amekwenda kula na ufunguo wake. Aliporudi alikuta moshi. Mlango ulipofunguliwa, ndani hamkuwa na mtu. Rundo lote la karatasi ya nne ya kitabu kimoja lilikuwa majivu, na viti vitatu vilikuwa vimesogezwa nyuma, kama vya watu walioinuka kumpokea mgeni. Polisi walihesabu nondo za madirisha, zikatimia. Tajiri, mwenye karakana, akafungua daftari la wafanyakazi na mbele ya majina matatu akaandika: Ameacha kazi. Ameacha kazi. Ameacha kazi.

Mtu aliyeacha kazi hazikwi. Nyumbani, bibi yake Wa Tatu aliwakatalia majirani kuja kutoa pole, akaziacha ndala za mwanawe pale pale mlangoni, moja imeinamia nyingine. Kila jioni alimuuliza mjukuu wake, "Hajaonekana?" na Wa Tatu alijibu kwa kichwa. Mdogo wake Wa Tatu, mwenye miaka saba, alizikiuka zile ndala akiingia na akitoka. Hakuwahi kuzikanyaga.

Asubuhi hii Bwana Funguo aliwatolea kazi kutoka stoo. Ilikuwa ile ile ya mwaka uliopita, kitabu cha watoto kuanzia miaka minane, kiitwacho Mazimwi na Mafumbo ya Dunia. Shule zilikuwa zinakingoja. Karatasi zilinuka moshi na kingo zilikuwa za kahawia, lakini kingo hukatwa.

"Ya nne iko wapi?" aliuliza Wa Nne.

Bwana Funguo alijibu kupitia kidirisha cha mlangoni. "Ya nne iliungua. Mnairuka. Mkimaliza ya tatu mnapandisha ya tano."

"Na mimi nikunje nini? Hewa?"

"Wewe utapaka gundi."

"Baba, kurasa zitaruka kutoka arobaini na nane hadi sitini na tano," alisema Wa Kwanza. "Mtoto ataona."

"Mtoto ataangalia picha," alisema Bwana Funguo, na kidirisha kikafungwa.

Karatasi ya tatu ilianza na mnyama wa ziwani mwenye shingo ndefu, ambaye watu mia tatu walikuwa wamemwona na hakuna wawili waliomwona sawasawa. Katika ukurasa wa arobaini na moja ilianza hadithi ya zimwi lililomeza kijiji. Ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa picha tupu: zimwi limesimama, mdomo wazi, meno kama vigae. Wa arobaini na nane uliishia hivi: "Hapo yule mtoto wa mwisho, aliyebaki peke yake kijiji kizima, akachukua kisu, akalikaribia zimwi, na". Hapakuwa na nukta. Yaliyofuata yalikuwa katika karatasi ya nne.

Mkunjo wa kwanza alioubonyeza Wa Tatu ulikaa vizuri. Wa pili pia. Alipoubonyeza mkunjo wa tatu, zimwi likainuka kutoka kwenye rundo, likajikung'uta masizi, likainamisha kichwa kwa sababu ya dari, likatafuta pa kukaa. Lilikaa sakafuni, kati ya meza na ukuta wa stoo, na hata hivyo magoti yake yalifika usawa wa meza. Lilikuwa jeusi na jeupe, kwa vidoa vidogo vidogo, kwa maana kitabu kile hakikuwa na rangi ndani. Rangi zilikuwa kwenye jalada tu.

"Karibu," alisema Wa Tano. "Lakini umekalia uzi wangu."

Zimwi lilijisogeza, likamrudishia uzi wake. "Hamjambo," likasema.

"Hatujambo."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema Wa Kwanza bila kuinua macho.

"Basi tujuane nalo mapema," alisema Wa Tano. "Mimi nina watoto wanne na goti bovu, bwana. Utamu wote ulishaliwa na mume wangu."

Zimwi lilisema halina njaa. Lilikuwa limemeza kijiji kizima kurasa mbili zilizopita. Wanawake wakaendelea na kazi. Baada ya muda mfupi, tumboni mwa zimwi mtu akakohoa.

"Nani anakunja hapo?" ilisema sauti. "Anabonyeza kwa ukucha. Bonyeza kwa mfupa, wewe! Ukucha unaacha mstari."

Wa Tatu aliushika mfupa vizuri. "Ni mimi, mama," alisema.

"Nilidhani hivyo. Umeanza lini?"

"Tangu ulipoondoka."

"Na mdogo wako, anasoma?"

Wa Tatu alijibu kwa kichwa, halafu akakumbuka kwamba haonekani. "Yuko darasa la pili."

"Asiache."

Zimwi lilijieleza, ingawa hakuna aliyelilaumu. Lilisema halikuwafuata wale wanawake watatu. Lilikuwa limelala zake rundoni. Limechorwa mdomo wazi, na kuufunga haliwezi. Moshi ulipojaa, walijaribu mlango, wakajaribu madirisha, kisha wakaingia mdomoni mwake, kwa sababu humu chumbani hapo ndipo pekee palipokuwa wazi.

"Niliwatanguliza wenzangu," alisema mama kutoka ndani. "Mmoja alikuwa mnene kidogo."

"Nimesikia!" ilisema sauti nyingine, ya mbali zaidi.

Wanawake waliitikia kwa vichwa. Habari ya mlango haikuwa ngeni kwao.

"Basi si mtoke?" alisema Wa Tano, akiinama kuchungulia kati ya meno. "Mdomo huu hapa uko wazi."

"Tumejaribu," alisema mama. "Kuingia ni mteremko. Kutoka hakujaandikwa."

Wa Kwanza aliweka kazi chini. Alisema bibi yake alimsimulia kwamba zimwi hukatwa kidole kidogo cha mkono, na wote waliomezwa hutoka wazima, na mbuzi wao. Zimwi likanyoosha kidole. Wa Kwanza akakikata kwa kisu cha uzi. Ulitoka wino kidogo, basi. Wa Pili alisema kwao ilikuwa kidole gumba cha mguu. Wa Nne alisema mgongoni. Zimwi lilitoa mguu, likageuza mgongo, likavumilia.

"Hizo ni hadithi za wenzangu," lilisema mwishowe, likijifuta wino. "Yangu imeandikwa. Na mimi nimesoma hadi pale pale mlipoishia ninyi."

Jioni hiyo bibi aliuliza, "Hajaonekana?"

"Amesikika," alisema Wa Tatu.

Bibi aliacha kuchambua mchele. "Anasemaje?"

"Anasema nisibonyeze kwa ukucha."

"Ndiye," alisema bibi. Alizitazama ndala. "Mtoe, mjukuu wangu. Akiwa hai nimkumbatie, akiwa si hai nimzike. Lolote nitalipokea. Hili la kungoja ndilo limenishinda."

Kesho yake Wa Tatu alikwenda kwenye kidirisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamuuliza Bwana Funguo kama karatasi ya nne inaweza kupigwa chapa upya. Aliuliza kwa sauti ndogo, ikabidi arudie mara mbili. Bwana Funguo alimtazama yeye, akalitazama zimwi.

"Hilo limetoka wapi?"

"Ukurasa wa arobaini na saba."

"Lisiguse majalada," alisema Bwana Funguo. Karatasi ya nne haitapigwa chapa upya. Tajiri ameshasema, na tajiri hasemi mara mbili.

Basi Wa Tatu aliamua kuiandika mwenyewe. Wa Pili alimpa karatasi nyeupe iliyofungiwa mzigo, isiyo na chapa, wakaikata ikalingana na zile nyingine. Wa Tatu aliikunja mara tatu, akazitia namba kurasa zake, arobaini na tisa hadi sitini na nne, akachukua penseli ya kutilia alama. Aliandika wakati wa chakula, ameegemea goti la zimwi, kwa sababu lilikuwa usawa mzuri. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na ulioinama, mwandiko wa mtu asiyetaka kusumbua. Mara nyingine alisimama kuuliza neno linavyoandikwa. Wenzake walibishana, kila mmoja akaapa kwa mwalimu wake, na hatimaye zimwi lenyewe lilitoa jibu, kwa kuwa lilikuwa limekaa na vitabu muda mrefu.

"Usirembe," alimwambia mama yake. "Andika mlango tu."

Aliandika mlango. Aliandika kwamba mtoto wa mwisho akalikata zimwi ubavuni, palipo laini, pakafunguka kama mfuko, watu wakatoka mmoja mmoja, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Hiyo ilimaliza kurasa mbili. Mkunjo una kurasa kumi na sita, na mkunjo wenye kurasa tupu haushoneki kitabuni, hilo alilijua kwa kazi. Kwa hiyo aliendelea kuandika watu wale walifanya nini baadaye. Mmoja alikuta sufuria yake bado iko jikoni, akaisugua. Mmoja alikuta mtoto wake amerefuka, ikabidi wajuane upya. Mwanamke mmoja alikuta ndala zake mlangoni, akazivaa, akaingia ndani, akaulizia chumvi iko wapi. Kazi hiyo ilimchukua siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili aliuweka mkunjo wake kati ya wa tatu na wa tano katika nakala moja, akaushona, na Wa Nne akaupaka gundi. Zimwi lilikipokea kitabu kwa mikono miwili. Lilisoma kwa kufuatisha kidole, midomo ikicheza. Lilipofika ukurasa wa arobaini na tisa liliinua mkono wa kushoto, na ubavuni mwake pakachanika, urefu wa kiganja.

Mkono ukatoka. Wa Tatu aliujua kwa kovu la gundi chini ya dole gumba. Ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyeshinda akifua, na ulikuwa baridi. Aliushika. Mkono nao ukamshika. Akavuta, na mkono ukatoka hadi kwenye kiwiko, ukakwama.

"Taratibu," alisema mama kutoka ndani. "Panabana. Mwandiko wako mdogo mno, mwanangu. Ungeandika kwa herufi kubwa."

"Nitarudia," alisema Wa Tatu. "Nitarudia juu yake, kwa herufi kubwa. Usiondoe mkono."

Aliikamata penseli kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado umemshika mama yake. Alikuwa ameliandika upya neno moja tu, "pakafunguka", wakati funguo ziliposikika.

Bwana Funguo alikuwa na kipande cha mbao chenye upenyo uliochongwa katikati. Kila kitabu kilichokamilika kilipitishwa katika upenyo ule. Chembamba mno, kimepungukiwa na mkunjo. Kinene mno, kimezidishiwa. Alikuwa ameshauziba upenyo kidogo kwa kijiti, ili ulingane na mikunjo minne. Alipitisha vitabu vya siku hiyo, kimoja baada ya kingine, na vyote vikapita. Kilichokuwa mkononi mwa zimwi hakikupita.

Alikifungua katikati. "Nani ameandika uchafu huu?"

"Ni wangu," lilisema zimwi. "Nilikuwa nausoma."

"Kuna kitabu kinachoandikwa kwa penseli?" Bwana Funguo alichukua kisu cha uzi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na nakala elfu tatu na gari lilikuwa linakuja Ijumaa. "Vitabu vyote lazima viwe sawa. Haiwezekani mtoto mmoja apate mwisho na wenzake wasiupate. Hiyo ni haki gani?"

Alikata uzi, akauchomoa mkunjo, na ubavu wa zimwi ukaanza kujifumba. Mama aliuondoa mkono wake mapema, kama mtu mzima anavyouondoa kwenye mlango unaofungwa, akauachia mkono wa binti yake bila kuuvuta. Bwana Funguo aliukunjakunja ule mkunjo, akautia chini ya chungu cha gundi, na gundi ikachemka upesi kuliko kawaida. Kisha akatoka, akafunga.

"Elfu tatu," alisema Wa Pili, ambaye hesabu zilimkaa. "Ili viwe sawa vyote, uandike elfu tatu. Siku kumi na moja kila kimoja. Ni zaidi ya miaka mia, ukitoa Jumapili."

"Ukianza leo," alisema Wa Tano. Halafu akajutia, akampa Wa Tatu kipande cha embe alichokuwa amekificha kwa ajili yake mwenyewe.

Gari lilikuja Ijumaa, likachukua nakala elfu tatu. Zimwi halikuondoka nazo. Lilisema limejaribu kuingia tena ukurasani, lakini kwa watu liliowabeba halitoshi. Kazi mpya ikaanza, kitabu cha kilimo cha mboga. Zimwi liliwafaa kwa mambo mengi. Lilishusha mizigo kutoka rafu za juu. Wa Tano alitundika aproni yake kwenye jino la pembeni.

Baada ya wiki tatu alikuja mkaguzi wa maeneo ya kazi. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili na kipimo cha utepe, na alifuatana na tajiri mwenyewe. Alihesabu taa, akahesabu viti, akanusa gundi. Wa Tano alimpiga Wa Tatu kumbo.

"Mwambie."

Wa Tatu alitikisa kichwa.

"Mwambie, au nitamwambia mimi, na mimi nikianza sijui kumaliza. Unanijua."

Wa Tatu alisimama. Alikwenda mbele ya mkaguzi na mfupa mkononi. "Mama yangu yumo humu," alisema, akilionyesha zimwi. "Na wenzake wawili. Hawakuacha kazi."

Mkaguzi alifungua ukurasa mpya. Aliliinamia tumbo la zimwi, akauliza kwa heshima, "Mama, shikamoo. Wewe ulikuwa mfanyakazi hapa?"

"Marahaba. Miaka kumi na minne."

"Uliacha kazi?"

"Sikuacha. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na gundi ikashika moto."

Mkaguzi aliandika yote. Kalamu yake ilikuwa nzuri, haikukwaruza. Alipofika chini ya ukurasa alisita.

"Hapa inatakiwa sahihi," alisema. "Mlalamikaji atie sahihi mwenyewe, mbele yangu. Anaweza kutoka?"

"Hawezi," alisema Wa Tatu.

"Anaweza kutoa mkono tu?"

Wa Tatu alimtazama Bwana Funguo, naye Bwana Funguo alikuwa anautazama upenyo wa kipimo chake, akiusafisha kwa kidole. "Aliweza," alisema Wa Tatu.

Mkaguzi alisikitika, na ilionekana ni kweli. Alisema fomu isiyo na sahihi haiwezi kupokelewa ofisini, yeye si mwenye kuitunga. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Kisha akarudi kwenye orodha yake, ambako lilibaki swali moja.

"Mlango wa dharura uko wapi?"

Tajiri alimtazama Bwana Funguo. Bwana Funguo aliinua mkono, akaonyesha mdomo wa zimwi.

Mkaguzi alilisogelea. "Wewe hufungwa?"

"Sifungwi," lilisema zimwi, ambalo halikujua kusema uongo. "Nimechorwa hivi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na umewahi kutumika?"

"Mwaka uliopita. Waliingia watatu."

"Waliumia?"

"Hawakuumia," alisema mama kutoka ndani, kwa kuwa naye hakujua kusema uongo.

Mkaguzi alinyoosha utepe kutoka jino la juu hadi la chini, kisha kutoka shavu hadi shavu. Ulizidi kipimo kinachotakiwa. Aliandika: Mlango wa dharura upo. Alitia sahihi, tajiri akatia sahihi. Aliagiza jambo moja tu, kwamba uwekewe kibao, na herufi zake zionekane kutoka kila meza.

Kazi ya kibao alipewa Wa Tatu, maana ilijulikana sasa kwamba anaandika. Walimpa ubao, rangi nyekundu na brashi. Alianza kwa herufi zake ndogo, na Bwana Funguo akamwambia afute. "Kubwa," alisema. "Kubwa, mtu asome hata kwenye moshi." Wa Tatu aliandika kwa herufi kubwa. Kilipokauka, walikining'iniza juu ya kichwa cha zimwi, nalo likainama kidogo kukisaidia kikae sawa.

"Umeandika nini?" aliuliza mama.

"Mlango wa dharura."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa."

Baadaye mama alisema sakafu ya huko ndani ina unyevu, na kama wangeweza kumpatia kitu cha kuvaa miguuni, angeshukuru.

Nyumbani, Wa Tatu alimweleza bibi yake yote, bila kutumia kichwa wala mabega. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliinuka, akaziokota ndala mlangoni, akazipangusa vumbi kwa pindo la nguo yake, akazifunga katika gazeti.

"Mwambie ya kushoto ina kamba iliyolegea," alisema. "Asitembee kwa haraka."

Asubuhi Wa Tatu aliziingiza ndala katikati ya meno ya zimwi, akaziachia. Zilisikika zikiteremka kwa muda mrefu. Kisha mama akasema zimefika. Nyumbani, mdogo wake alipokuwa akienda shule alirusha mguu juu, akapakiuka mahali pale pale, ingawa hapakuwa na kitu.

Saa moja na nusu mlango wa chuma ulifungwa. Funguo zilisikika zikienda mbali. Wa Nne aliwasha jiko, akaweka gundi juu yake.

"Amefunga?" aliuliza mama.

"Amefunga," alisema Wa Tatu.

"Kwa nje?"

"Kwa nje."

Kulisikika ndala zikiburutwa, na watu wakisogea kwa kuombana radhi.

"Basi nimekuwekea nafasi hapa," alisema mama, "kando yangu."

Wa Tatu aliitikia kwa kichwa, akavuta karatasi ya tatu, akabonyeza kwa mfupa.